Siku tatu Scotland, mume anapenda wiski, mimi sinywi: twende kiwanda gani?

Shikamoo mama.

Umeandika kutoka Moshi kwamba binti yenu anahitimu shahada ya kwanza Edinburgh mwezi wa Julai, kwamba baada ya sherehe mtabaki na siku tatu, na kwamba baba watoto ametamani kwa miaka mingi kukiona kiwanda cha wiski kwa macho yake. Wewe mwenyewe hunywi. Unauliza kama inafaa kwenda hadi kisiwa cha Islay, ambacho jamaa yenu amewasifia sana. Unauliza pia utafanya nini humo ndani wakati wenzako wanaonja, na mnaweza kurudi na chupa ngapi bila kusumbuliwa uwanja wa Kilimanjaro.

Islay msiende safari hii. Nendeni Dufftown, katika bonde la mto Spey, mlale huko usiku mmoja, mtembelee kiwanda kimoja tu bila haraka, kisha mkaone mapipa yanavyoundwa Craigellachie. Chupa ni lita moja kwa kila mtu mzima. Nakusihi usikubali kubaki hotelini, kwa sababu mtu asiyekunywa anaweza kufaidi kiwanda cha wiski kuliko anayekunywa, akipelekwa mahali panapofaa.

Islay ni kisiwa kizuri, na jamaa yenu hakuwadanganya. Kutoka Port Ellen unafuata barabara moja ya pwani, na ndani ya kilomita tano hivi unavipita viwanda vitatu vikubwa: Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg. Ipo njia ya watembea kwa miguu inayoviunganisha vyote. Lakini kutoka Edinburgh mtaendesha saa tatu na zaidi hadi bandari ndogo ya Kennacraig, kisha kivuko huchukua saa mbili au zaidi. Wakati wa kiangazi nafasi za magari kwenye kivuko hujaa mapema, na upepo ukichafuka safari inaahirishwa. Mwenye siku tatu na tiketi ya ndege mkononi hana nafasi ya kubahatisha na bahari. Jambo la pili ni ladha. Wiski nyingi za Islay zina moshi mzito, na mtu aliyezoea Chivas au Johnnie Walker anaweza kuonja Laphroaig mara ya kwanza akahisi amepewa dawa ya vidonda. Wapo wanaoipenda tangu tone la kwanza, ila ni vizuri ajijue kabla ya kuvuka maji kwa ajili yake.

Pale Edinburgh kwenyewe mtaona matangazo ya jengo la Johnnie Walker mtaa wa Princes Street, lililofunguliwa 2021, na lile la Scotch Whisky Experience karibu na ngome. Yametengenezwa kwa ustadi na yanafurahisha, lakini hakuna wiski inayopikwa pale. Baba watoto amesema kiwanda, basi apelekwe kwenye moto na mvuke. Kama mambo ya familia yatawala siku zenu mkabakiwa na nusu siku tu, nendeni Glenkinchie, kilichoanzishwa 1837, karibu kilomita 24 kutoka mjini. Mkibakiwa na siku nzima moja, napendelea Deanston, upande wa Stirling. Kilikuwa kiwanda cha kufuma pamba tangu karne ya 18, kikageuzwa cha wiski miaka ya 1960, na umeme wake hutokana na maji ya mto Teith unaopita ubavuni mwake.

Lakini siku tatu zinatosha kabisa kwa bonde la mto Spey, na huko ndiko ninakowatuma. Dufftown ni mji mdogo, wenye mnara wa saa katikati, umezungukwa na viwanda pande zote. William Grant alianzisha Glenfiddich hapo, na tone la kwanza lilitoka siku ya Krismasi ya 1887. Mwaka 1969 kiwanda hicho kikawafungulia wageni milango wakati wengine hawakuona maana ya kuonyesha kazi yao. Jirani yake, ndani ya ardhi ya familia hiyohiyo, kuna The Balvenie, alichokianzisha Grant huyohuyo 1892. Nafasi zikipatikana chagueni Balvenie, hata kama ni ghali zaidi, kwa sababu ni miongoni mwa viwanda vichache vilivyobaki ambavyo bado vinatengeneza sehemu ya kimea chao wenyewe, sakafuni, kwa mikono.

Hapo ndipo wewe mama unapoingia. Viwanda vingi vya Scotland hununua kimea kilicho tayari kutoka viwanda vikubwa vya kimea, na mgeni haoneshwi mwanzo wa kazi. Balvenie utaona shayiri iliyolowekwa maji kwa siku mbili hivi imetandazwa sakafuni ili iote, na wafanyakazi wanaigeuza kwa sepetu zamu baada ya zamu, mchana na usiku, kwa karibu wiki nzima. Ikiachwa bila kugeuzwa inapata joto na mizizi yake inashikana kama mkeka. Mtu wa Moshi aliyeona ulezi ukilowekwa, ukifunikwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa kwa ajili ya togwa au mbege hahitaji kuelezwa kwa nini nafaka inaoteshwa kwanza. Mbegu ikiamka huanza kugeuza wanga wake kuwa sukari, na mpishi anaikatiza njiani kwa kuikausha. Watalii wengi hulipita jambo hilo bila kulielewa. Wewe utalielewa kabla mwongozaji hajamaliza sentensi yake.

Kukausha ndiko kunakoleta au kutoleta ule moshi wa Islay. Ukaushaji wa kawaida hutumia hewa ya moto tu. Ukiongeza moto wa piti, yaani ule udongo mweusi wa mimea iliyooza kwenye kinamasi kwa maelfu ya miaka, unaokatwa vipande na kukaushwa kama kuni, moshi wake unakwama kwenye ganda la shayiri na unaendelea kuwepo hadi kwenye glasi. Viwanda vya Spey vingi hutumia piti kidogo mno au havitumii kabisa, na ndiyo maana wiski zao zina harufu ya matunda na asali zaidi kuliko moshi.

Baada ya hapo kimea kinasagwa na kumwagiwa maji moto, ya kwanza yakiwa karibu nyuzi 64. Maji ya moto kupita kiasi yangeua vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Kinachotoka ni maji matamu, na mwongozaji akikuruhusu kuyaonja, onja, kwa kuwa hayana kileo hata kidogo. Machicha yanayobaki hupelekwa kwa wafugaji wa ng'ombe. Maji hayo hupoozwa, yanatiwa hamira, yanaachwa yachache kwa siku mbili hadi nne au zaidi katika mapipa makubwa ya mbao au chuma ambayo mengine yana kina kuliko ghorofa moja. Humo povu linapanda na kuchemka kana kwamba kuna moto chini, na hamna moto wowote. Ukikaribishwa kunusa, sogeza pua polepole kutoka pembeni. Usiinamishe kichwa ndani, maana hewa ya ukaa iliyotulia juu ya povu hukata pumzi na kuchoma pua vikali. Kinachopatikana ni pombe isiyotiwa hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu), yenye kileo cha asilimia nane hivi.

Kisha mtaingia kwenye chumba cha mitambo ya shaba, na hapo mwambie baba watoto apunguze mwendo, kwa sababu hiki ndicho chumba alichokifuata. Pombe ile inachemshwa, kileo kinageuka mvuke kabla ya maji, mvuke unapanda shingo ya mtambo, unapozwa, unarudi kuwa kimiminika. Kanuni ni ileile ya gongo, ile pombe ya moshi inayopikwa kwa siri kwenye madebe huku kwetu. Tofauti kubwa ziko mbili. Ya kwanza ni shaba yenyewe: inaufyonza uchafu wa salfa uliomo kwenye mvuke, na kadiri mvuke unavyogusana nayo zaidi ndivyo kinywaji kinavyokuwa laini. Kwa hiyo umbo la mtambo si pambo. Shingo ndefu huruhusu mvuke mwepesi tu kufika juu na mzito huanguka chini ukachemshwa tena, wakati shingo fupi na nene hupitisha vitu vingi zaidi na kutoa wiski yenye uzito. Glenmorangie wanajivunia shingo zinazozidi mita tano, Macallan wanajivunia mitambo midogo, na kila upande una sababu zake.

Tofauti ya pili ni ukataji, na kwangu mimi huo ndio moyo wa kazi yote. Kazi inafanyika mara mbili. Mtambo wa kwanza hutoa kimiminika cha asilimia ishirini na kitu, na mtambo wa pili hukichemsha tena. Kinachotoka kwanza kwenye mtambo wa pili ni kikali, kina harufu ya kemikali, hakifai. Kinachotoka mwisho ni kizito na cha maji maji, kina harufu isiyopendeza. Katikati ndipo penye wiski. Mpishi anaamua dakika ya kuanza kupokea na dakika ya kuacha, na vile viwili vya mwanzo na mwisho vinarudishwa kuchemshwa pamoja na mzunguko unaofuata. Anayetaka ladha ya moshi huchelewa kukata, kwa sababu moshi hutoka kuelekea mwisho. Anayetaka wepesi hukata mapema. Mpika gongo asiye mwaminifu hakati kabisa, anauza vyote, na walaji wake wanalipa kwa miili yao.

Mtaona sanduku la shaba na vioo, limefungwa kwa kufuli, kimiminika kikipita ndani yake kama maji ya bomba. Limefungwa kwa ajili ya ushuru. Zamani ufunguo ulikaa kwa afisa wa serikali aliyeishi palepale kiwandani, na mpishi alilazimika kupima na kukata bila kugusa alichokipika. Kabla ya sheria ya ushuru ya 1823, watu wa mabonde haya walipika kwa kujificha, wakikimbizana na watoza ushuru milimani. George Smith wa Glenlivet alipochukua leseni 1824, majirani zake waliokuwa bado wanapika kwa siri walimwona msaliti, na alitembea na bastola mbili kiunoni kwa kuhofia maisha yake. Glenlivet ni mwendo mfupi kwa gari kutoka Dufftown. Mkipita huko mtazame vilima vilivyo wazi, na mtaelewa jinsi moshi wa mpishi wa siri ulivyoonekana toka mbali.

Mwishoni ni ghala, na hapo vaa sweta hata kama ni Julai. Kinachowekwa kwenye pipa hakina rangi, ni cheupe kama maji, kwa kawaida kikiwa na asilimia 63.5. Kwa sheria lazima kikae ndani ya pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, ndani ya Scotland, kwa miaka isiyopungua mitatu, na kikitiwa kwenye chupa kisipungue asilimia 40. Sehemu kubwa ya ladha hutoka kwenye mbao. Mapipa mengi huletwa kutoka Marekani, kwa kuwa sheria ya huko inawalazimu watengenezaji wa bourbon, wiski ya Kimarekani, kutumia pipa jipya lililochomwa ndani, hivyo la zamani wanaliuza. Mengine yametoka Hispania, yalikuwa na mvinyo wa sherry, nayo huleta rangi nzito na utamu wa zabibu kavu. Kila mwaka asilimia mbili hivi huvukia hewani, na Waskoti husema ni fungu la malaika. Kwenye joto la Bangalore, India, wanakotengeneza wiski ya Amrut, kinachopotea kwa mwaka ni asilimia kumi au zaidi, na ndiyo maana wiski ya huko haisubiri miaka kumi na nane. Umri unaoandikwa kwenye chupa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo, hata kama nyingine zilizochanganywa ni kongwe mara mbili yake.

Asiyekunywa, kazi yake humu ndani ni kunusa. Omba kunusa pipa tupu la sherry, kisha la bourbon, kisha glasi ya kimiminika cheupe kabla hakijaingia pipani. Ukinusa fungua mdomo kidogo ili kileo kisikuchome. Hakuna atakayekulazimisha kuonja. Viwanda vingi huwapa madereva na wengine wasiokunywa sehemu yao kwenye kichupa kidogo cha kuondoka nacho, basi kipokee, na jioni baba watoto atakushukuru. Yeye mwambie aonje kwa midomo midogo, aongeze matone machache ya maji, na asione haya kutema au kuacha nusu glasi. Anayemaliza glasi zote kwa pupa hazitofautishi tena kufikia ya tatu.

Hilo linanileta kwenye gari. Scotland ilishusha kiwango chake Desemba 2014, kutoka miligramu 80 za kileo kwa kila mililita 100 za damu hadi 50, na Uingereza yenyewe, yaani England, imebaki na 80. Kwa hiyo glasi tatu za kuonja zinaweza kumfikisha mtu mahali pabaya, na polisi wa barabara za vijijini wanajua viwanda viko wapi. Kama una leseni, endesha wewe. Wanaendesha kushoto kama kwetu, na mgeni anaruhusiwa kutumia leseni halali ya nchi yake hadi miezi 12. Kutoka Edinburgh hadi Dufftown ni saa tatu na nusu hivi. Kama huendeshi, pandeni treni hadi Aberdeen, mbadilishe treni iendayo Inverness na mshuke Keith, kisha teksi hadi Dufftown. Keith yenyewe ina Strathisla, kiwanda cha 1786 kinachofikika kwa miguu kutoka stesheni, nacho ndicho nyumbani kwa Chivas. Kama baba watoto ni mtu wa Chivas, msiipite Keith hivihivi.

Asubuhi inayofuata nendeni Speyside Cooperage, Craigellachie, dakika chache kutoka Dufftown. Kuna jukwaa la wageni juu ya karakana, na chini mafundi wanabomoa mapipa, wanachagua mbao, wanayaunda upya bila gundi wala msumari, kwa nyundo, pete za chuma na macho yao tu. Wanalipwa kwa kazi wanayomaliza, hivyo kasi yao ni ya ajabu. Sijawahi kumsikia mtu akijutia kuingia pale, anayekunywa na asiyekunywa.

Sasa jambo la kufanya leo, kabla ya tiketi ya treni. Viwanda vingi husimamisha mitambo kwa wiki kadhaa kila mwaka kwa ajili ya matengenezo, na wengi hufanya hivyo majira ya kiangazi, maana maji ya kupozea hupungua na wafanyakazi huenda likizo. Ziara huendelea, lakini mtakuta shaba imepoa na chumba kimya. Andika barua pepe na uulize waziwazi: tarehe hiyo mtakuwa mnapika? Na kimea kitakuwa sakafuni? Wakisema hapana, badilisha kiwanda, usibadilishe tarehe ya mahafali. Uliza pia kama picha zinaruhusiwa, kwa sababu baadhi ya viwanda hukataza simu penye mvuke wa kileo.

Kuhusu chupa. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu kila msafiri aliyetimiza miaka 18 kuingia na pombe kali isiyozidi lita moja bila ushuru. Wewe unayo haki hiyo hata kama hunywi, ilimradi mzigo ni wako kweli. Chupa ya kawaida kule ni ya mililita 700, kwa hiyo moja kila mmoja na hamna wasiwasi. Kama kuna wazee wa ukoo wengi wa kukumbukwa, tafuteni chupa za mililita 200: tano zinatimiza lita moja kamili, na mzee kila mmoja anapata yake. Mkizidisha, tangazeni wenyewe forodhani na mlipe kinachotakiwa.

Ndani ya ndege, pombe ya asilimia zaidi ya 24 hadi 70 inaruhusiwa kwenye mizigo ya chini, isiyozidi lita tano kwa mtu na ikiwa kwenye chupa iliyofungwa ya dukani. Iliyo juu ya asilimia 70 haipandi kabisa. Iviringisheni kwenye nguo katikati ya begi. Msiibebe mkononi, kwa maana mkaguzi wa uwanja mtakapobadilisha ndege anaweza kuikataa. Msidanganywe na habari za kurudishiwa kodi ya dukani mkiondoka, utaratibu huo ulifutwa tangu Januari 2021 kwa Scotland, England na Wales. Kwa sababu hiyo, kiwandani nunueni kile kisichopatikana penginepo, hasa ile inayojazwa mbele yenu moja kwa moja kutoka kwenye pipa moja, na tarehe mnaiandika wenyewe. Zile za kawaida mtazikuta uwanja wa ndege bila ushuru, mara nyingi kwenye chupa ya lita nzima, nayo hesabu yake forodhani ni palepale kwenye kikomo. Mkinunua hiyo na mnabadilisha ndege Doha au Amsterdam, iacheni kwenye mfuko uliofungwa na risiti ndani, msiufungue mpaka mmefika Kilimanjaro.